Mistari Mitatu Uliyoiandika Bila Kusikiliza

Yusta,

Gauni lako la wodini nimelikuta jikoni limefunika ndoo ya pumba. Mimi sikulea mtu wa kufunikia chakula cha nguruwe kwa nguo ya kazi. Kama umeacha uuguzi, sema umeacha, kwa mdomo, kama mtu mzima. Siyo kuniachia mimi nikutane na uamuzi wako wakati naenda bandani. Nimelifua mara mbili. Pumba zimetoka zote. Lile doa la damu kwenye pindo halikutoka, na sikulisugua sana, kwa sababu nataka ulione.

Naandika mchana huu, umekwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya mto. Najua utakaa huko mpaka jua lizame, maana siku hizi hutaki kukaa na mimi jikoni. Sikulaumu kwa hilo. Mimi nikifungua mdomo nagomba, wewe ukifungua wako unalia, na maharage yanaungua. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Darasa la nne niliingia sikulimaliza, kwa hiyo mwandiko huu uuvumilie. Karatasi nimezichana kwenye daftari lako la zamani la Baiolojia. Huko nyuma kuna mchoro wa moyo, usidhani nimeuchora mimi.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula, wala za wavulana. Umri wa kuambiwa hayo umepita, na kama hukuyasikia nilipoyasema mara mia, hutayasikia kwa kuyasoma.

Umesema kesho unakwenda Mbeya kwa Joyce, rafiki yako mwenye saluni Mwanjelwa, ukajifunze kusuka. Joyce namjua. Alilala hapa Krismasi mbili, anaamka mapema, anasalimu watu. Na kusuka ni kazi, sina neno na kusuka. Lakini wewe huendi kusuka, Yusta. Wewe unakimbia. Nimekuona unavyofunga begi: mtu anayesafiri anakunja nguo, mtu anayekimbia anazisokomeza. Najua kukimbia kulivyo. Mimi nimekimbia miaka ishirini na moja, na sijawahi kutoka kwenye kiwanja hiki. Nitakueleza.

Kwanza niseme nilichokisikia, usije ukasema Bibi hakuelewa.

Ulikuja Jumamosi kutoka Iringa ukasema chuo kimekupa ruhusa, una malaria. Nikakupikia uji, nikaona uji unaumaliza, nikajua malaria hiyo haiko kwenye damu. Jumanne tukiwa tunapukuchua mahindi ndipo ulipoanza kusema, huku umeinamisha kichwa kwenye ungo. Sikukukatiza. Wewe mwenyewe ulishangaa nilivyonyamaza.

Ulisema mchana ule wodi ya wazazi ilikuwa imejaa, mkunga wa zamu mmoja, nyinyi wanafunzi sita. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Marieta, mimba ya kwanza, Mbena wa kutoka vijijini kama sisi. Ulikabidhiwa wewe. Kazi yako ilikuwa kila nusu saa uweke ile pembe juu ya tumbo lake, usikilize moyo wa mtoto, uhesabu, uandike kwenye karatasi. Marieta alikuwa kimya. Amekaa pembeni ya kitanda, ameuma pindo la kitenge, anatazama ukuta. Na upande wa pili wanawake walikuwa wanapiga kelele, na wenzako wanakimbilia huko, kwa sababu anayepiga kelele yuko karibu kuzaa, na anayezaa ni sahihi moja kwenye kile kitabu chenu cha kusainiwa. Ulikuwa umebakiza wanne kutimiza idadi yako. Ukakimbia na wewe.

Saa nane hukusikiliza, ukaandika mia na arobaini. Saa nane na nusu hukusikiliza, ukaandika mia na arobaini. Saa tisa Marieta alikushika mkono ukiwa unapita, akakuambia kwa Kibena kwamba anasikia haja kubwa. Hukumjibu kwa Kibena, kwa sababu wiki ile wenzako wa mjini walikucheka ulipoongea Kibena na bibi mmoja, wakakuita mama wa ulanzi, kama muuza pombe ya mianzi. Ukamjibu kwa Kiswahili, "Choo kile pale, toka nje, kulia." Halafu ukaandika mia arobaini na mbili.

Hiyo mbili ya mwisho uliiweka ili ifanane na kweli. Kati ya yote uliyoniambia, ndiyo iliyonikaa kooni.

Marieta alikwenda chooni kama alivyoelekezwa na mtu mwenye gauni jeupe. Akazalia mlangoni, kwenye saruji, peke yake. Mama wa usafi ndiye aliyeacha ndoo yake akampokea mtoto kwa aproni, akamfuta, akampigia ukelele mkunga. Yule mama hana kitabu cha kusainiwa.

Mtoto alikuwa wa bluu, ukaniambia. Wakampatia hewa, akarudi. Yuko kwenye chumba cha joto. Namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapoamka, na namshukuru kwa ajili yako pia, ujue.

Halafu ndiyo likaja lile lililokutoa mbio. Mama mkwe wa Marieta akasimama katikati ya wodi akasema, "Mtu wa kuzaa analia. Huyu alijificha. Alitaka akitupe chooni kile kitoto." Mkunga wa zamu akachukua karatasi, akasoma mistari yako mitatu, akasema, "Lakini alikuwa anaangaliwa kila nusu saa, na mtoto alikuwa mzima. Ni yeye mwenyewe hakusema." Marieta akanyamaza. Wewe ukanyamaza. Na sasa huko kwao, kabla hata hajatoka hospitali, ameshakuwa mwanamke aliyetaka kutupa mtoto. Mume hajafika kumwona. Ushahidi wanaoushika wote ni karatasi yako.

Nimeelewa au sikuelewa?

Nilipokuuliza ilikuwaje, hukunijibu habari za Marieta. Ulinijibu habari za chuo. Na mimi niliyasikia, usidhani nilikuwa nahesabu punje.

Ulisema, "Bibi, darasani tunafundishwa kwa mdoli. Mdoli hatapiki. Mdoli hana mama mkwe. Mdoli hajui Kibena. Unamzalisha mdoli, mwalimu anapiga makofi, halafu unapelekwa wodini unakuta wanawake kumi na mmoja na glovu zinahesabiwa."

Ulisema, "Tukiuliza swali tunaambiwa, mmekuja kujifunza au kuhoji? Siku nyingine asubuhi yote tunapeleka damu maabara na kupiga deki. Sisi siyo wanafunzi pale, sisi ni mikono."

Ulisema mwalimu wa chuo anakuja mara chache, na akija anahesabu sahihi, haulizi umejifunza nini. Idadi isipotimia huingii mtihani. Ndiyo maana mnawinda.

Na ukasema hili ukiwa umeniangalia usoni kwa mara ya kwanza: "Wote wanajaza hivyo. Waliotutangulia ndio waliotuonyesha. Karatasi ikiwa na nafasi wazi unagombezwa mbele ya wagonjwa. Ikijaa, hakuna anayeuliza imejaaje."

Nikakuambia, "Kwa hiyo chuo ndicho kilichoshika kalamu?" Ukatupa gunzi ukatoka nje. Hapo nilikosea. Nilikuwa nataka kushinda.

Sasa nasema vizuri. Hayo yote nakuamini. Mtu anayefundishwa kwa mdoli na kupimwa kwa kuhesabiwa sahihi, akiingia wodini atatafuta sahihi, hatatafuta mtu. Walimu wako wana kesi ya kujibu, na mkunga anayewagombeza kwa nafasi wazi ana ya kwake. Hayo uyaseme, tena yaseme kwa sauti, na ukiyasema useme na hili la kutumwa kupiga deki. Lakini mtu akianza na ya wenzake, ya kwake hayafikii. Kati yako na Marieta hapakuwa na mwalimu. Hapakuwa na mdoli. Palikuwa na neno moja alilokuambia kwa lugha ya bibi yako, neno ambalo ulilisoma darasani maana yake, kwamba mwenye uchungu akisikia haja ni mtoto anashuka. Ulilijua. Ukalijibu kwa kidole.

Nimekugomba vya kutosha. Sasa zamu yangu.

Tangu ukiwa na akili nimekuambia mama yako aliuawa na manesi. Nimekuambia hivyo ukiwa na miaka mitano, nimekuambia ulipopata kipaimara, na nilikuambia tena siku tulipokaa na mwalimu wako kujaza fomu za vyuo. Wewe ulitaka kilimo. Mwalimu akasema alama zako zinafaa kilimo na zinafaa uuguzi. Nikapiga meza ya watu, nikasema mjukuu wangu atakuwa nesi, ili asife mtoto wa mtu mwingine kama alivyokufa Felista wangu. Ukanitazama, ukaandika uuguzi. Nilitembea kijiji kizima nikijisifu. Nimejisifu kanisani, nimejisifu mashineni, hadi watu wakinisalimu wanasema, "Kamwene, mama wa nesi."

Habari ile ni uongo, na juu yake ndipo nilipoujenga huo uuguzi wako.

Mama yako nilimlea kimya. Nilikuwa najivunia hilo. Watoto wa majirani wakichomwa mwiba kijiji kizima kinajua, wangu akiungua na maji ya moto anauma mdomo. Aliungua kweli, akiwa na miaka saba, begani, na nilimwambia, "Mwanamke wa nyumba hii halii." Hakulia. Nilimpa ndizi kama zawadi. Nilidhani namfundisha nguvu.

Uchungu ulimwanza Jumanne jioni, na chupa ya uzazi ikapasuka Jumanne hiyo hiyo, akiwa anachota maji. Kituo cha afya hakikuwa mbali, saa moja na nusu kwa miguu. Sikumpeleka. Na siyo kwa kukosa akili. Wiki tatu nyuma nilimpeleka kliniki, na Nesi Kristina, yule unayemjua, alinusa dawa ya mizizi kwenye chupa niliyombebea. Akanigombeza mbele ya wanawake wote wa benchi kama mtoto aliyemwaga uji. Akasema watu kama mimi ndio tunaoua. Nikaapa moyoni kwamba safari hii nitampeleka Felista mtoto akiwa mlangoni, ili pasiwe na nafasi ya kugombezwa. Basi tukakaa nyumbani Jumanne usiku, Jumatano kutwa, Jumatano usiku. Mama yako ameuma pindo la kitenge anatazama ukuta.

Sasa umeelewa kwa nini Jumanne ya mahindi niliposikia habari ya Marieta na kitenge chake nilinyamaza.

Alhamisi asubuhi tukafika. Nesi Kristina akampima, akauliza, "Chupa imepasuka lini?"

Nikasema, "Leo alfajiri."

Akaandika. Nilimwona anaandika.

Saa sita mchana gari la hospitali lilikuja kumchukua mgonjwa mwingine kumpeleka Iringa. Lilisimama mlangoni, limewashwa. Nafasi ilikuwepo. Nesi Kristina alitoka, akaangalia gari, akarudi, akanisimamia mbele. Akasema, "Mama, nikuulize tena. Tumbo hili silielewi. Una hakika ni leo alfajiri?" Hakusema kwa ukali. Safari hiyo hakuwa mkali hata kidogo.

Mama yako alikuwa amelala pale, anasikia. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mwingine. Alitaka nimruhusu aseme. Nami nikasema, "Nesi, mimi siyo mtoto mdogo. Nimesema alfajiri."

Felista hakusema kitu. Nilikuwa nimemfundisha vizuri.

Gari likaondoka. Mtu aliyepasuka chupa alfajiri ana muda wa kusubiri, ndivyo Nesi Kristina alivyoona, na ndivyo karatasi ilivyosema. Wewe ulitoka jioni, baada ya kazi kubwa, ukapiga kelele. Ndiwe mtu pekee wa nyumba hii uliyepiga kelele siku ile. Mama yako alimwaga damu, na gari lilikuwa bado Iringa.

Nilitoka pale nikasema mbele ya watu, "Nesi amemwua mwanangu." Nilisema kabla sijajua nitasema nini. Wakaniamini, kwa sababu kila mtu alikuwa na siku yake aliyogombezwa na Kristina. Wanaume walikwenda kituoni wakapiga meza. Akahamishwa kupelekwa mbali, na watoto wake wadogo. Aliacha nyumba aliyokuwa anaijenga imefika kwenye linta. Alipostaafu alirudi, akaja kukaa pale nyuma ya kanisa Nyololo. Kila Jumapili ananikuta mlangoni ananiambia, "Kamwene, Mama Felista." Nageuza uso. Na wewe nilikufundisha kugeuza uso. Ulikuwa na miaka tisa ukinyoosha mkono umsalimu nikauvuta.

Yusta, hakuna mtu anayejua hayo. Babu yako alikufa hayajui. Wewe ndiye wa kwanza.

Usidhani nakuambia ili unionee huruma. Nakuambia kwa sababu ya kazi yako. Uliniambia, "Bibi, wagonjwa wanadanganya mno. Unamuuliza amekunywa dawa gani, anasema hakuna. Unamuuliza lini, anasema leo." Ukasema mnacheka na wenzako. Ndiyo, wanadanganya. Mimi ni mmoja wao. Tunamdanganya mtu tunayemwogopa. Hilo mdoli hawezi kukufundisha, basi chukua kwangu: mgonjwa akikupa jibu la haraka sana, muulize mara ya pili kama Kristina alivyouliza, lakini asiwe amekuogopa tangu wiki tatu zilizopita. Kosa lake lilikuwa lile la kliniki. La Alhamisi lilikuwa langu. Nimemvisha yote mawili.

Na mwanamke akiwa kimya, usimpite. Kaa naye. Kuna nyumba zinazolea watu kimya, nyingi tu huku kwetu, na wewe umetoka kwenye mojawapo ya nyumba hizo. Wenzako wa mjini hawawezi kumjua mtu wa namna ile wakimwona. Wewe ulikuwa unamjua. Ulikuwa ndiye pekee wodini mwenye lugha yake, ukaificha usichekwe. Mama wa ulanzi. Wangekuita hata mama wa komoni na pombe zote, lakini mtoto angezaliwa kitandani.

Sasa unajua ninachokitaka. Ulishajua tangu ukurasa wa kwanza, wewe siyo mjinga.

Najua na unachokiogopa. Watakufukuza, au watakurudisha mwaka. Labda. Kwa hilo siwezi kukudanganya, nimemaliza kudanganya. Wakikurudisha mwaka, rudia, mwaka ni misimu miwili ya viazi. Wakikufukuza, njoo, jembe lako liko pale pale na kilimo ulikitaka tangu mwanzo. Watu watasema. Waache waseme, mimi ndiye niliyejisifu, nami nitatembea njia ile ile niliyojisifia nikiwa nimenyamaza. Lakini ukienda Mwanjelwa kesho, hata ukisuka vizuri kuliko Joyce, kila mwanamke atakayekaa kwenye kiti chako akiwa kimya atakuwa Marieta. Hilo nakuambia kwa sababu kila Jumapili mlango wa kanisa kwangu ni ule mlango wa kituo, na gari limewashwa.

Na ukishamaliza kusema, ukiona bado uuguzi hauutaki, uache. Nitakusindikiza mwenyewe kwa Joyce na kuku wawili. Uuguzi nilikuchagulia mimi, kwa sababu yangu, na sina haki ya kukufunga nao. Ila mistari mitatu ni yako. Hiyo hukuchaguliwa na mtu.

Kwa upande wangu, leo asubuhi kabla hujaamka nilikwenda Nyololo. Nilifika hadi kwenye uzio wa Nesi Kristina. Alikuwa anamwagilia kabichi, ameinama, mgongo umemshinda, amezeeka kuliko mimi. Akaniona. Akanyanyuka, akasema, "Kamwene, Mama Felista, karibu."

Nikasema, "Nataka mbegu za kabichi."

Akaniambia, "Za kwangu mwaka huu hazikutoka vizuri, lakini chukua." Akanifungia kwenye karatasi, hakutaka chochote. Nikapokea, nikarudi. Njia nzima nilijitukana kwa Kibena. Mbegu ziko pale dirishani kwenye kopo la sukari, na hatuzipandi mpaka nimekwenda kusema nilichokiendea.

Kwa hiyo usidhani nakutuma mahali ambapo mimi siendi. Kesho tunakwenda wote, kila mtu kwake.

Gauni nimelipiga pasi ya mkaa, liko juu ya begi, na barua hii iko mfukoni mwake. Begi nimelifungua nikakunja nguo upya. Asubuhi tutashuka pamoja hadi Nyololo. Njiani usiniongeleshe habari hizi, nikianza kulia sitafika na nisipofika nitakulaumu wewe. Tuongee habari za nguruwe.

Tukifika lami, mimi nakata kushoto, njia ya kanisani. Wewe utabaki pale. Magari ya Mbeya yanasimama upande ule ule tutakaotokea, kwa wauza viazi, yatakuita kwa jina la mji na makondakta watakushika begi. Usiwape. Ya Iringa, ya kurudi chuoni, yanasimama ng'ambo. Sitageuka kuangalia umepanda lipi. Nimekuvuta mkono mara za kutosha.

Ukifika, usipitie bwenini kuoga, usipige simu kwa mtu akupe mawazo. Nenda wodini moja kwa moja na gauni hilo. Mtafute mkunga wa zamu, mwombe aite na mwalimu wako, uwaambie: mistari ya saa nane, saa nane na nusu na saa tisa niliiandika bila kusikiliza, na yule mama aliniambia anasikia haja nikamwelekeza chooni. Sema hivyo, bila "lakini". Ya mdoli na sahihi na kupiga deki utayasema siku ya pili, na siku hiyo useme yote. Ukitoka hapo nenda kwenye kitanda cha Marieta. Kama mama mkwe hayupo, kaa chini umsubiri. Akija, simama, sema maneno hayo hayo mbele yake, kwa Kibena, kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha mwisho. Wakicheka wacheke. Halafu muulize Marieta mtoto wake anaitwa nani, na ungoje ajibu, hata akikaa kimya mchana mzima.

Ni mimi bibi yako, Mama Felista.

Vuka barabara.